Kopo la Pili

Pale kwenye mtambo wa maji klorini haiitwi klorini. Inaitwa dawa, na aliyekuwa akiitia kwenye tangi la mlimani mtaa mzima ulimwita Bwana Dawa. Kipimo kilikuwa kopo moja kila asubuhi. Yeye alitia mawili. Kaka yake alikufa kwa kipindupindu, na tangu siku hiyo hakuamini kwamba kopo moja linawatosha watu anaowapenda, nayo mabomba ya tangi lile yaliishia mlangoni kwake. Majirani walifungua maji, wakanusa, wakasema mtu wetu hana choyo.

Siku moja mpimaji wa maabara, binti wa maneno machache, alizunguka mitaa yote na chupa zake. Majibu yalipotoka, maji mabaya kuliko yote yalikuwa ya mtaa wa Bwana Dawa.

"Mto unashusha majani yaliyooza," alimweleza. "Dawa ikikutana na uchafu ule inazaa vitu vingine. Maji yakilala mwisho wa bomba, vinazidi. Mtu akivinywa miaka na miaka, vinaweza kumdhuru."

"Kwa hiyo tuache dawa?"

"Hapana, baba. Kipindupindu bado kipo. Tuchuje uchafu kwanza, halafu tutie kipimo. Ila hicho chako mbona kinazidi kilichoandikwa daftarini?"

Angeweza kusema amekosea wiki ile tu; nani angembishia? Aliona aibu, na si ya kuogopa kufukuzwa.

"Makopo mawili, miaka kumi na moja," akasema.

Wakubwa wake hawakumfukuza, walimhamishia kwenye machujio. Kila Jumatatu pia alifungulia bomba la mwisho, maji yaliyolala yakamwagika mtaroni, na wapita njia wakamsonya kwa kuchezea maji. Tenda wema nenda zako, wanasema. Yeye alitenda akabaki palepale, akanywa pamoja na wenzake.

Mwezi haukwisha, mdogo wa mkewe akaja na ndoo.

"Shemeji, maji siku hizi hayanuki dawa. Umetususa?"

Akamvutia kiti, akamweleza yote tangu kopo la kwanza la ziada, bila kuficha. Mwanamke alisikiliza, ndoo mapajani.

"Na yale tuliyokwisha kunywa?"

"Hayo sijui, shemeji."