Sekunde Kumi na Tano

Pale kliniki walimwita Robo Dakika, na jina lenyewe alilipenda. Miaka ishirini na sita daktari huyu wa mifugo alipima moyo kwa namna moja tu: hesabu sekunde kumi na tano, zidisha kwa nne, andika, mwingine aingie. Foleni ilikuwa haiishi, na yeye akajiona bingwa.

Siku moja fundi cherehani wa mtaa wa nyuma akamleta Kiraka, mbwa wake mzee, aliyeanza kuanguka na kukakamaa. Daktari akammulika macho, akampima miguu, akasema ugonjwa uko kwenye ubongo. Hapo hakukosea.

"Na moyo je, daktari? Nikimlaza mapajani nausikia. Unapiga, unapiga, unasimama, halafu ndiyo unaendelea."

Robo Dakika akaweka kipimo kifuani, jicho kwenye saa ya ukutani. "Tisini na sita. Mzima kabisa! Mama yangu, wewe shona nguo, moyo niachie mimi."

Wauguzi wakacheka. Mama naye akacheka, kwa aibu, akachukua dawa ya kifafa akaenda zake.

Siku ya tisa habari ikafika: Kiraka hakuanguka wala kukakamaa. Alikuwa amejilaza mlangoni, akakata roho.

Daktari alijua tangu chuoni kwamba ubongo ukiugua unaweza kuyavuruga mapigo ya moyo. Alijua, na ndiyo maana roho ilimuuma. Mbwa wa kifafa aliyefuata alimsikiliza dakika nzima. Kwenye sekunde ya arobaini moyo ukanyamaza, kisha ukarudi. Huyo akapelekwa kwenye mashine ya kupima moyo, akapata dawa yake.

Kesho yake daktari akajikaza kisabuni, akaenda kwa fundi.

"Mama, huenda Kiraka angekufa tu. Lakini ulichosikia pengine kilikuwa kweli, na mimi sikukusikiliza. Nisamehe."

Fundi akasimamisha cherehani. Daktari alitamani atukanwe, ingekuwa afadhali.

"Kila jioni nilikuwa namwekea sikio," mama akasema. "Uliponiambia ni mzima, nikasema daktari kasoma, masikio yangu ndiyo yamezeeka. Sikumwekea tena."

Akakaza macho kwenye mshono, akaendelea kushona.