Slava ya Kwanza bila Vidosava

Milutin alikuwa hodari wa slava, sikukuu ya Waserbia ya mtakatifu wa ukoo. Siku ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wao, ilipofika, hapakuwa na nyumba kijijini iliyoshinda yake kwa samaki wa kukaanga na rakija, pombe kali ya matunda. Lakini mkate wa baraka, ngano ya kuchemsha, mshumaa na sala, hayo yote yalikuwa ya mkewe, Vidosava. Alipofariki masika ya mwaka ule, Milutin akatangaza kwamba slava basi tena.

Binti yao, Jagoda, aliyekuwa akisali na kanisa dogo la kilokole huko mjini Novi Sad, aliposikia slava imeachwa hakusikitika. Akamwambia kwenye simu, "Baba, Mungu hataki mkate wala mshumaa. Wewe zungumza naye tu."

Milutin akajaribu. Akakaa mezani, akavua kofia, akasema, "Mungu, ni mimi Milutin." Akaangalia dari. Mwishowe akajikuta anamweleza Mungu habari za paa linalovuja, akajicheka mwenyewe.

Siku ya kuamkia sikukuu moyo ulimkataa kukaa bure. Akamwita jirani yake Stana amwelekeze kukanda unga. Stana alimtazama, akasema, "Polepole, jirani. Huo ni unga, si tope la matofali."

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba Vidosava alikuwa akinong'ona anapokanda, akitaja watu mmoja mmoja, wazima na marehemu, huku yeye Milutin yuko chumba cha pili anaonja rakija na wenzake. Naye akaanza kutaja. Akamtaja mama yake. Akamtaja Jagoda. Alipofika kwa Vidosava machozi yakadondokea unga. Stana akajifanya anachochea moto. Mikono ikaendelea kukanda na maneno yakaendelea kuja, mengine hakujua alikuwa nayo.

Mkate ulitoka umepasuka. Kesho yake padri alikuja, akaukata kwa alama ya msalaba, akaumiminia divai, wakauzungusha pamoja wakiimba. Kwenye slava haalikwi mtu, anayekuja amekuja. Na Jagoda alikuja. Alisimama karibu na mlango, mbali na mshumaa. Padri alipokwenda nyumba nyingine, Milutin akamwomba bintiye asali kwa namna yake. Akasali kwa ufupi, akamshukuru Mungu kwa mama yake, na wageni wote wakaitikia amina.

Baadaye, wakiosha vyombo, Jagoda alisema, "Mimi nilidhani desturi hizi ndizo zilizokuficha usimwone Mungu."

"Nilijificha mwenyewe, mwanangu, nyuma ya samaki na rakija. Mama yako alikuwa na mshumaa huohuo, na alimwona."

Jagoda alipofuta mikono alichota ngano ya slava iliyobaki, iliyochanganywa na kokwa za jozi na sukari, akajaza bakuli la kwenda nalo.

"Ni chakula tu, baba," akasema alipoona anatazamwa.

"Nani kasema kitu?" Milutin akamwongezea kijiko kimoja, akamfunikia bakuli.