Ng'ombe Aliyelala Ndani

Miaka ile ya hali ya hatari, enzi za mkoloni, nilikuwa karani wa daktari wa mifugo mjini Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kupima malazi ya ng'ombe. Usicheke. Mzungu wangu alikagua kwato na magoti, mimi nikashika kamba ya kupimia na kujaza fomu: sakafu, hewa, maji, nafasi, nyasi za kulalia. Ng'ombe akiwa na vidonda magotini, ujue sakafu inamtesa. Akisimama mchana kutwa, ujue hana pa kujinyoosha.

Kitisuru na Spring Valley, kwa Wazungu, mazizi yalikuwa ya saruji, yana mifereji na madirisha. Siku moja nilipima kwa siri chumba cha mkamuaji mmoja, alimoishi na mkewe na watoto watatu. Kibanda cha ndama kilikishinda chumba hicho kwa hatua mbili. Nilimwambia daktari. Akanijibu kwamba fomu haina nafasi ya habari hiyo. Nilikasirika, kisha nikakunja kamba yangu na kuendelea na kazi. Mnyonge hana haki, na mimi nilikuwa na watoto wa kulisha.

Kisha daktari akaugua, nikatumwa Riruta, upande wa Waafrika, peke yangu. Huko nilimkuta mjane mmoja mwenye ng'ombe mmoja mwekundu. Alikuwa akimlea mjukuu wake mchanga, ambaye mama yake alifariki alipomzaa, na mtoto huyo aliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule.

"Analala wapi, mama?" nilimuuliza.

"Ndani na sisi, baba. Nje wataiba."

Nikaingia. Nyumba ilikuwa imegawanywa kwa fito. Upande wa ng'ombe udongo ulikuwa umefagiliwa, nyasi kavu zimetandazwa, na moshi wa jikoni umefukuza nzi. Ng'ombe mwenyewe aliingia bila kuitwa, akalala, akaanza kucheua. Hakuwa na kidonda hata kimoja. Mwaka ule wote sikuwa nimeona mnyama aliyetulia namna ile.

Sasa, kwetu magharibi, mtu anayempenda ng'ombe wake humlaza ndani. Anayemwacha nje kwenye baridi tunamsema vibaya hata matangani. Basi nikachovya kalamu na kuandika kwa madaha, penye nafasi ya maoni: "Analala nyumba moja na mwenyewe. Hali nzuri kabisa." Nilirudi mjini nimefurahi kama mtu aliyetenda wema.

Wiki iliyofuata fomu ilirudi kutoka kwa wakubwa. Maneno yangu yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu. Chini yake palikuwa pameandikwa: ng'ombe haruhusiwi kukaa katika nyumba ya watu, aondolewe.

"Bwana, nilikuwa ninamsifu," nilimwambia daktari, ambaye sasa alikuwa amepona.

"Wewe mwenyewe umeandika," akasema, bila hata kuinua macho.

Nikamweleza habari za mtoto. Akasema mtoto si mfugo. Pia, kwa kuwa mimi tu ndiye niliyeijua nyumba, akaniamuru nipande lori na askari wawili nikawaonyeshe. Ningeweza kukataa. Nimejiambia mara nyingi kwamba nisingeweza, lakini ningeweza, na ningefukuzwa kazi tu.

Tulipofika, ng'ombe alikataa kupanda lori. Askari mmoja akainua rungu. Mjane alikuwa akilia, lakini aliposikia pigo la kwanza alikuja mbio na mtoto mgongoni.

"Msipige! Mimi nitaingiza!"

Akamshika ng'ombe shingoni, akamnong'oneza kwa lugha ya kwao, akatangulia kupanda ule ubao. Ng'ombe akamfuata taratibu. Kisha mjane akashuka, askari wakafunga mlango wa lori.

Nilitaka nikae mbele na dereva nisimwone. Mjane akaniwahi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniamini. Katika watu wote waliokuwapo pale, aliniamini mimi.

"Baba, wewe uliingia ndani, uliona vile ng'ombe yangu inakaa vizuri," alisema. "Hao wengine hawakuona. Waandikie."

Nikamwambia nitawaandikia.