Jina la Pacha wa Kwanza

Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na Mungu amenijalia moyo wa kusubiri. Siku ile moyo huo ulinikimbia.

Binti alinikuta kwenye ofisi ya parokia asubuhi, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuuliza. Mimi nimeolewa na nani?"

Nilidhani ananitania, lakini hakucheka. Tangazo la kwanza la ndoa yake lilikuwa limesomwa Jumapili. Siku iliyofuata alikuja kuchukua cheti cha ubatizo, katibu wetu akafungua kompyuta na kumwambia kwamba tayari ana mume, huko Biharamulo. Maneno hayo yaliwafikia wakwe kabla yeye hajafika kwao. Shangazi wa mchumba wake alisema tangazo la pili lisisomwe, mahari irudishwe, kwa sababu hawawezi kuoa mke wa mtu.

Vitabu vyetu vya ubatizo viliingizwa kwenye kompyuta mwaka jana. Fundi aliyetengeneza programu aliiwekea msaidizi wa akili mnemba. Unamwandikia kwa Kiswahili unachotaka, naye anachagua mwenyewe chombo cha kufanyia kazi kati ya vile alivyopewa. Vyombo hivyo yeye havioni kwa macho kama mimi ninavyoona jembe na panga. Anasoma tu maelezo ambayo fundi ameandika juu ya kila kimoja. Katibu alikuwa amemwomba asafishe orodha ya majina. Akakuta chombo chenye maelezo ya maneno mawili, "Huondoa marudio", akakitumia.

Kwetu mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kuzaliwa ana jina lake, anayefuata ana lake, katika kila nyumba, tangu enzi za babu zetu. Wasichana wawili wa vilima viwili tofauti, kila mmoja pacha wa kwanza kwao, walibatizwa Pasaka moja, wakapewa pia jina la mtakatifu yuleyule. Kompyuta ikawafanya mtu mmoja. Mmoja alikuwa ameolewa Biharamulo, na ndoa hiyo, iliyoandikwa kwenye rekodi ya ubatizo wake, ikamwangukia huyu aliyesimama mbele yangu akikunja ncha ya kitenge chake.

Nilimpigia fundi simu. Alikuwa Lusahunga, nilisikia malori nyuma yake.

"Mzee, kile chombo ni cha mtu aliyeandikwa mara mbili kwa makosa. Si cha mapacha."

"Hilo umeliandika wapi?"

"Sikuliandika. Lakini kila mtu anajua, mzee."

"Aliyekitumia hakujua."

"Ile si ni mashine tu?"

"Ndiyo uliyoiachia kazi. Nyumbani kwako utaweka chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, uandike 'dawa' basi?"

Akacheka. Kicheko kile kiliniwasha kuliko kosa lenyewe. Mtu mzima, msomi, alijua kitu ambacho kingemwokoa binti wa watu na aibu, na hakutaka kupoteza dakika mbili kukiandika.

Nilienda stoo, nikafungua sanduku la vitabu vya zamani. Ukurasa wa Pasaka ile niliupata. Pembeni, kwa mwandiko wangu, kando ya kila jina: pacha wa kwanza, na jina la mama. Padri aliyenifundisha kazi alitaka niandike kama vile atakayesoma hajawahi kufika huku. Nilimtii.

Ndipo nikakumbuka. Wakati wa kunakili, katibu aliniuliza, "Mwalimu, na haya ya pembeni niyaingize?" Nikamwambia asihangaike, mapacha kila mtu anawajua.

Nilisali rozari nzima nikiwa nimesimama stoo. Hasira haikutoka, ila sasa haikuwa ya fundi peke yake.

Fundi alikuja Alhamisi. Akawatenganisha wale wasichana kwenye kompyuta, kisha nikamwambia aandike upya maelezo ya kile chombo, mimi nikimsomea:

"Tumia kwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili tu. Huku mapacha wa nyumba tofauti hupewa majina yaleyale kwa desturi. Linganisha kwanza jina la mama. Jina la mama likikosekana, usiunganishe, mwulize katibu."

"Mzee, hayo ni maneno mengi kwa chombo kidogo."

"Yale mawili yamempa binti mume. Andika."

Akaandika. Katibu alirudia ombi lake lilelile. Msaidizi akajibu kwamba ameona majina yanayofanana, lakini majina ya mama zao hayajaandikwa, kwa hiyo hajagusa chochote. Sikuwa na neno la kumlaumu.

Jumamosi shangazi wa mchumba alifika. Hakutaka hata kuitazama kompyuta.

"Hiyo mmeitengeneza wenyewe, itasema mnachotaka. Nionyesheni kitabu."

Nikamsomea mstari wa binti, na maandishi ya pembeni, na jina la mama. Nikamsomea na ule wa mwenzake.

"Soma tena hapo kwa mama."

Nikasoma tena.

"Huyu mama namjua, tulilima naye," akasema. "Haya, lisomwe."

Tangazo la pili lilisomwa Jumapili. Baada ya misa binti alinishukuru, nami nikashindwa kumtazama machoni. Jumatatu nilivaa miwani, nikakaa karibu na katibu, nikaanza kumsomea yaliyo pembeni ayaingize, kuanzia kitabu cha kwanza.