Diski Niliyomnyima Baba Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na naikumbuka kwa sauti kuliko kwa sura. Ilikuwa sauti ya chuma kilichokataa kulia. Lakini nisikuanzie mwisho, maana nakujua: ukishausikia utainuka uende zako, na hilo gari unalotaka kulipeleka Geita kubeba watu wa machimbo bado hujalikagua.

Miaka ile ya uhaba hata sabuni tuliipangia foleni, sembuse spea. Nilikuwa na Peugeot ya abiria, Kagongwa na Shinyanga mjini, kwenda na kurudi. Diski za breki, yale mabamba ya duara yanayobanwa na pedi ili gurudumu lisimame, hatukuzibadilisha ovyo. Zikichimbika tulizipeleka kukerezwa kwenye karakana ya kiwanda cha pamba. Zilirudi laini, zinang'aa, nasi tukajisifu. Hatukusema kwamba kila zikirudi zilikuwa nyembamba zaidi.

Siku nilipotaka zangu zikerezwe tena, fundi wangu, Mzee Ramadhani, alizipima kwanza kwa kipimo chake, kisha akanitazama kama mtu aliyeletewa uji baridi.

"Masunga, hapa hakuna cha kukereza. Ukipunguza tena utafunga sahani ya chai."

"Lakini zinashika, Mzee."

"Zinashika leo. Chuma chembamba kinapata moto upesi, kikipata moto kinapinda, mwisho kinapasuka. Na ukizitoa usiziache zikizagaa. Diski mbovu ikionekana, yupo mtu ataifunga."

Sikubishana naye. Nilisimamisha gari mpaka duka la spea la Wahindi pale mjini lilipopata diski mpya. Msimu mzuri wa pamba ulinipita hivi hivi, na sijutii hata leo.

Kumbe lile neno la mwisho la fundi lilikuwa linanisubiri nyumbani. Babu yako, Mzee Nkwabi, baba wa mama yako, alikuwa na Peugeot kama yangu, ya kupeleka watu mnadani. Ilikuwa imesimama kwa ajili ya breki. Akaja kwangu kwa basi bila kutuma taarifa, na mkwe wa Kisukuma hafanyi hivyo kwa matembezi. Nilichutama nikamwamkia. Akaitikia huku akizitazama diski zangu za zamani nilizoziegemeza ukutani.

"Hizo nipe. Zangu zimekwisha kabisa, za kwako zina afadhali."

Wewe umekulia mjini, huenda hujui uzito wa maneno hayo. Kwetu mkwe haombi mara mbili. Hata njiani unampisha. Akitaka ng'ombe wako, unamfungua zizini na fimbo ya kumswagia unampa. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, dada yako Limi mgongoni, wewe hujazaliwa bado, akingoja niseme ndiyo.

"Baba," nikasema, "ng'ombe nitakupa. Hizi haziendi kwenye gari lolote. Moja nimemwahidi mzee wa kanisa aitundike iwe kengele."

"Mungu unampa, mimi unaninyima?"

"Mungu hataendesha nayo, Baba."

Nilidhani atacheka. Akamgeukia binti yake akamwambia, "Mama Limi, funga nguo zako." Wakaondoka na basi la jioni.

Niliumia sana, nakwambia wazi. Nyumba ilikuwa kimya, uji naupika na kuumwaga. Majirani wakanisihi nimpelekee mzee vyuma vyake nimrudishe mke wangu. Sikupeleka. Nilijua gari lile likipona litaenda mnadani, na nilijua Limi hakubali kupanda gari la babu yake ila akae mbele, mapajani mwa babu. Kama kumpata mama yako kulitaka niwapakie wote kwenye breki zile, basi acha nilale mwenyewe.

Jumapili wazee wa pande zote wakakutana Kagongwa kunihukumu baada ya ibada. Babu yako akaja na mama yako. Mzee wa kanisa alikuwa ameshaitundika diski kwenye nguzo ya mlango wa kanisa, na ndiyo siku ya kwanza kuigonga. Akanyanyua nondo akapiga.

Ko.

Akapiga kwa nguvu zaidi. Ko. Watu wakaanza kucheka. Babu yako hakucheka. Mtu anayejua kununua chungu hukigonga kwanza akasikiliza, na chenye ufa hakilii. Akaiendea, akaifuta vumbi jeusi la breki kwa pindo la shati. Ufa ulitoka kwenye tundu la bolti ukaenda karibu na ukingo. Akaupitishia ukucha polepole.

"Ufa huu uliuona?"

"Sikuuona, Baba. Nilijua tu kwamba imekwisha."

Akakung'uta vumbi kwenye pindo la shati. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Limi hukaa mbele." Akamwita mama yako. "Mama Limi, leo hurudi na mimi." Wazee walikosa kesi, wakala ugali wetu wakatawanyika.

Sasa nisikilize. Ukikanyaga breki pedali ikakutetemekea mguuni, usiongeze sauti ya redio. Simama, subiri gurudumu lipoe, upitishe kidole kwenye diski. Ukikuta ukingo umeinuka, mifereji, madoa ya buluu ya kuungua, nenda ukapime. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa, mara nyingi kwenye diski yenyewe. Ukishafika hapo hakuna kukereza tena, wala kufunga pedi mpya juu yake ukajidanganya kwamba umetengeneza. Ukibadilisha, badilisha zote mbili za mbele kwa pamoja. Usingoje ufa, maana mimi mwenyewe sikuuona. Na zile za zamani, akiziomba rafiki mnyime. Akiziomba mkwe wako mnyime. Nikiziomba mimi, baba yako, ninyime, na nikinuna niache ninune.

Haya nenda, ng'wanawane, mwanangu. Mungu akutangulie njia yote ya Geita, gari likutii kila utakapolikanyagia breki, na kila utakayempakia ashuke kwa miguu yake mwenyewe, akaitwe baba au mama nyumbani kwake.