Mzee Wembe Anunua Saa Isiyopenda Kukaa

Mzee Wembe aliingia sebule ya saa akitafuta betri. Kwapani alikuwa na saa yake ya ukutani, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, mshale mmoja ukitokeza nje kama kidole kinachoshitaki.

Nimesema sebule kwa sababu wenyewe hawakubali iitwe duka. Dukani watu hununua. Hapa watu "hukutana na saa". Mna zulia linalomeza viatu, viti vya ngozi vinavyohema ukivikalia, na ubaridi wa kuhifadhia nyama. Saa zenyewe zimelazwa moja moja ndani ya vioo, kila moja na taa yake, kama wagonjwa mahututi wa familia zenye uwezo. Iko inayoweza kuzama mita mia tatu baharini, kana kwamba mtu akifika huko chini atataka kujua amechelewa kiasi gani. Iko inayoonyesha mwezi ulipofikia, mwezi ule ule unaoonekana bure juu ya paa la choo.

Mlinzi alimtazama Wembe viatu, akatazama mfuko, akafungua mdomo amwelekeze sokoni. Lakini meneja alikuwa ametoka semina juzi tu, na huko walifundishwa kwamba tajiri wa kweli havai kitajiri. Wa kweli huja na kandambili. Meneja alipomwona Wembe, aliona semina yote inaingia mlangoni kwa miguu yake.

"Mzee wetu, karibu sana! We mlinzi, hebu mpokee mzigo!"

Mlinzi akaipokea saa ya ukutani kwa mikono miwili, kama anayepewa kichanga.

Wembe akakalishwa. Ikaja kahawa kwenye kikombe kidogo kama cha watoto kuchezea. Kisha akaja dada mmoja mwenye glovu nyeupe, akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilikuwa natafuta tu..."

"Usiwe na haraka. Kwanza tuambie habari za maisha yako, ndipo tujue saa gani itakufaa. Siku yako inakwendaje?"

Swali hilo huulizwa kila anayekaa kwenye kile kiti. Limo kwenye mafunzo yao, kati ya kahawa na bei. Wembe hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba kuna mtu amemuuliza siku yake inakwendaje, kisha akanyamaza kusubiri jibu.

Ukitaka kuelewa, lazima umjue alikuwa nani. Wembe ni jina la kazi. Alikuwa kinyozi, na kinyozi ndiye mtu pekee duniani anayeweza kumshikia mkubwa wa polisi wembe shingoni na huku akimwambia kwamba timu yake ni ya ovyo. Maisha yake yote ya utu uzima aliongea juu ya vichwa vya watu. Halafu magoti yakamwambia basi, hatusimami tena. Akauza chumba, viti na kile kioo kirefu. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki. Binti yake, mtoto wa pekee, aliolewa mbali na humpigia simu Jumapili, akishamaliza kufua. Majirani ni watu wazuri. Humsalimia wakipita, na salamu zao hazina breki. Ukimjibu mmoja, jibu linamkuta ameshafika kona.

Basi Wembe akaongea. Alieleza chai ya asubuhi, redio, magoti, na marehemu mkewe aliyekuwa akikoroma kama jenereta, na jinsi alivyomnung'unikia miaka yote hiyo ilhali sasa hapati usingizi kwa ajili ya ukimya. Dada alicheka palipostahili kucheka. Kisha akavua glovu, akatoa utepe wa kupimia, akamshika mkono.

"Kifundo chembamba, mzee wangu. Tutakutafutia isiyokulemea."

Alimshika kwa muda mfupi tu wa kusoma namba kwenye utepe. Wembe alipofika nyumbani alikuwa bado ameunyanyua ule mkono kidogo, kama mtu aliyebeba chai iliyojaa mpaka ukingoni. Ile saa ya ukutani wakamtilia betri bure.

Wiki iliyofuata akarudi "kufikiria". Na wiki ya baadaye. Alikuwa akinyoa ndevu na kupaka mafuta, anakaa kwenye kiti kile kile, anapimwa mkono upya, maana dada alisema mkono hubadilika na hali ya hewa. Hilo nalo sijui lilikuwa kwenye mafunzo au lilikuwa huruma.

Mwishowe mlinzi akamvuta pembeni.

"Mzee, nikwambie kama mwanao? Huko ndani wameanza kuulizana. Meneja semina inamtia shaka. Anasema ama mzee anunue, ama kiti kipate mtu mwingine."

Kinyozi gani asiyeelewa lugha ya kiti? Jumapili hiyo akamweleza binti yake.

"Saa, Baba? Kwani simu yako haina saa?"

"Inayo."

"Na ile ya ukutani?"

"Inakwenda vizuri tu."

"Sasa unawahi wapi, Baba?"

Wembe akasema mtandao unakatika, ingawa ulikuwa haujawahi kuwa mzuri kama siku ile.

Akanunua. Chumba cha kunyolea, viti na kioo, vyote vikageuka kitu kimoja cha duara kinachong'aa. Siwezi kusema kilikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri kuliko vidole vyote vilivyokishika. Wahudumu wakapiga makofi. Meneja akapiga picha, na huku akipiga akaeleza kwa fahari kwamba saa ile haina betri kabisa: ndani mna kijipande kizito kinachozunguka kila mkono ukitikisika, na mzunguko huo ndio unaoijaza nguvu. Wembe hakusikia hata nusu. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya picha, na moyoni anasema: sasa mimi ni wa humu ndani.

Hapo ndipo ujanja wote wa kinyozi ulipomwishia. Enzi za kunyoa, kwake kulikuwa na sheria moja tu: ukishanyolewa, simama upishe. Hata mjomba wake alimsimamisha. Aliyekuwa akibembelezwa ni yule mwenye nywele bado kichwani.

Wiki iliyofuata alipofika, kiti kilikuwa na mwanamume mnene anayeeleza jinsi siku yake inavyokwenda.

"Mzee wetu!" meneja akasema, akiwa wima. "Saa inaendaje?"

"Inakwenda."

"Safi sana! Karibu tena, karibu sana," na mkono wa meneja ukiwa mgongoni mwake, wakajikuta mlangoni. Dada akampungia kwa mbali, utepe ukiwa kwenye mkono wa yule mnene.

Akarudi nyumbani, akakaa. Akakaa na kesho yake, akakaa na keshokutwa, maana magoti yalikuwa yamevimba na hakuna alikokuwa anaitwa. Saa ikazima.

Usiombe umwone mtu anavyofurahia hasara. Wembe alivaa shati lililopigwa pasi mara mbili, akachechemea mpaka sebuleni kwa saa, uso ukiwaka.

"Imeharibika, mwanangu!" akasema kama anayetangaza harusi.

Dada akamkalisha. Kahawa ikaja. Akaitikisa saa, akaisikiliza, akamshika mkono na kumfunga upya.

"Nzima hii, mzee wangu. Inataka mkono unaofanya kazi. Ukikaa tu, nayo inakata tamaa."

"Kumbe!" akasema Wembe, na kwenye lile kumbe akapata maarifa.

Kuanzia hapo mkono wa saa ukawa likizo. Aliuweka juu ya mto kama mgonjwa. Alikula kwa mkono mwingine, alifunga vifungo kwa mkono mwingine, hata mbu alimwachia aliyetua upande ule. Saa ikizima tu, huyo, anavaa. "Imekata tamaa tena, mwanangu." Na anaketi, na anashikwa mkono, na anamalizia habari ya mkewe alipoishia.

Lakini dada hakuwa mjinga. Siku moja alimtazama akinywa kahawa, mkono mmoja umekufa pajani.

"Mzee wangu, huo mkono unaumwa?"

"Hauumwi."

"Basi mbona huutumii?"

Wembe akatazama zulia. Dada hakuuliza tena. Alimfunga saa polepole, polepole kuliko siku zote, na alikuwa bado hajamwachia mkono meneja alipotokea ofisini, kabeba kasanduku keusi kenye kifuniko cha kioo.

"Mzee wetu! Tumeona taabu unayopata, na magoti yako hayo. Hii ni zawadi, hulipi kitu. Unaichomeka kwenye umeme, unaweka saa humu, inaizungusha yenyewe. Haitazima tena. Hutahitaji hata kuja!"

Wahudumu wakapiga makofi. Mtu atakataaje zawadi mbele ya makofi? Wembe akashukuru, akashukuru tena. Dada alimfungulia mlango, akasema, "Njia njema, mzee wangu," akarudi ndani, maana kengele ya kaunta ilikuwa inalia.

Jumapili mchana Wembe akakiweka kile kisanduku juu ya meza, akakichomeka kwenye umeme. Kikanguruma kidogo. Saa ikageuka upande huu, ikatulia, ikageuka upande ule, kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia. Akaitazama.

"Haya, geuka," akaiambia. "Geuka tu, bibie. Nani anakukimbiza?"

Simu ilikuwa imelia, naye alikuwa ameipokea bila kuifikisha sikioni.

"Baba? Unaongea na nani?"

Wembe akaifikisha simu sikioni.

"Baba, una mgeni?"

Angesema naongea na saa, binti angelia, au angecheka, na hajui kipi kingekuwa kibaya zaidi.

"Ndiyo," akasema. "Nina mgeni."

"Alhamdulillahi! Yaani umenifurahisha, Baba, hujui tu nilivyokuwa na wasiwasi. Basi sikusumbui, mhudumie mgeni wako. Tutaongea Jumapili nyingine."

"Hata, hunisumbui, mgeni anaweza kungo..."

Simu ilikuwa imekatwa. Wembe aliishika sikioni bado, akiitikia pale palipostahili kuitikia, asije mgeni akadhani wamegombana.