Kofia ya Bati Ukutani Ilford

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya mabati kule Southall, London, mwanzoni mwa miaka ya tisini, msimamizi alinipandisha juu ya paa la shule moja, akanionyesha tundu la kuingizia hewa lililofunikwa kwa vibao vya mshazari. Alikuwa Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake hakikuwa na haya.

"Zanzibari, hii vibao nazuia mvua tu. Mvua iko mzito, naanguka. Theluji ya upepo iko kama unga, nafuata hewa mpaka ndani."

Ndani, chujio, yaani kile kitambaa kinene cha kunasa vumbi, kilikuwa kimelowa chapachapa, na dari chini yake inavuja. Dawa yake ilikuwa kofia: sanduku la bati lenye mdomo mpana unaotazama chini. Hewa hupanda humo polepole, theluji ikakosa nguvu ya kuifuata, ikaanguka nje.

"Kwa nini tusizibe tu mpaka theluji iishe?" nikauliza.

"Ziba pua yako kwanza, halafu uliza tena."

Kazi ile niliishika kwa mikono miwili. Wazazi wetu walipofariki, mimi mkubwa niliacha skuli, na sasa nilikuwa nawalea wadogo zangu, Zuhura na Hamadi, katika fleti ya Ilford, upande wa pili wa London, yenye boila ya gesi jikoni, ya kupasha maji na nyumba joto, na tundu la hewa ukutani.

Majira ya baridi yaliyofuata, upepo wa mashariki ulileta theluji kutwa nzima. Zuhura akanipigia simu karakana.

"Kaka, usiwe na wasiwasi na sisi. Theluji ilikuwa inaingia kwenye lile tundu la jikoni, nimelijaza kanga. Sasa kuna joto. Ila Hamadi kichwa kinamuuma, kalala."

Moto wa gesi ukikosa hewa hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka. Hilo tulifundishwa kabla ya kukabidhiwa nyundo.

"Zima boila. Fungua madirisha. Mwamshe Hamadi, mtoke nje."

"Nje kuna theluji, Kaka. Tutaganda."

"Gandeni. Tokeni."

Msimamizi alikuwa amesikia. Alichukua ufunguo wa gari. Tuliwakuta kwa jirani, Hamadi anatapika, lakini anajibu akiitwa. Hospitali walimlaza, akapona.

Hamadi alipotoka, msimamizi alikuja Ilford na kofia aliyoikunja mwenyewe, akaifunga ukutani kwa nje, juu ya lile tundu. Zuhura alimletea chai, macho chini.

"Dada, kanga iko ya kuvaa mtu," akamwambia. "Nyumba hapana vaa."

Baadaye nilipelekwa kufanya kazi kwenye majengo ya hospitali, kisha nikawa msimamizi mwenyewe, mpaka magoti yaliponistaafisha. Kalasinga wangu ameshafariki. Siku hizi kofia hutoka kiwandani zikiwa tayari, lakini nikipita chini ya jengo nisilolijua, bado huinua macho kutafuta mdomo unaotazama chini.

Zuhura anakaa fleti ileile. Theluji ikianza, hupiga simu kabla yangu, wala hasalimii.

"Kaka, nimeshaweka mkono kwenye tundu. Hewa inaingia."